Uzio Uliochipua

Jumamosi, tarehe 14 Machi, mwaka 2026, asubuhi, panga la Mwijage lilikuwa juu hewani, na chini yake alisimama Kokuhirwa.

Wiki iliyopita tuliliacha panga hilo hapo hapo, nanyi wasomaji mkalala nalo. Leo litashuka, lakini halitashuka pale mlipodhani.

"Ondoka, Mama Joanitha!" Mwijage alifoka. "Sikukati wewe, nakata miti!"

"Miti iko nyuma yangu," Kokuhirwa akajibu. "Anza na aliye mbele."

Nyuma yake ulisimama uzio wa nyumba aliyopanga kwa Mwijage hapa Kibeta, Bukoba. Mvua ya mwezi uliopita iliulaza chini, naye akausimamisha upya kwa mikono yake. Nguzo alizotumia zilikuwa vipande vya mlamula alivyopewa na jirani. Alivichomeka vikiwa vikavu kama kuni. Sasa vilikuwa vimetoa majani mabichi, marefu, yamesimama kama masikio ya mbuzi aliyesikia jambo.

Majani hayo ndiyo yaliyompandisha Mwijage wazimu.

Kote Buhaya mlamula haupandwi ovyo, kwa maana huo ndio mti wa mpaka. Ukiukuta umesimama kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ujue wazee walisimama hapo kabla yako, wakasema: cha huyu kinaishia hapa, cha yule kinaanzia hapa. Mtu haupandi peke yake, wala haung'oi peke yake. Kokuhirwa, mzaliwa wa Rubafu, alilijua hilo tangu utotoni. Alichosahau ni tabia ya udongo wa Bukoba: ukisahau fimbo yako nje wakati wa mvua, asubuhi utaikuta ina majani.

"Unanimegea kiwanja!" Mwijage alipaza sauti ili mtaa mzima usikie. "Mpangaji! Mtu wa vyumba viwili! Leo unapanda mlamula, kesho utasema ni kwako!"

"Nimepanda mpaka, au nimetengeneza uzio?"

"Umepanda mpaka!"

"Basi kama ni mpaka, huruhusiwi kuukata bila mashahidi. Weka panga chini tuwaite. Na kama si mpaka, kama ni uzio tu, basi ni yale matengenezo madogo uliyosema ni kazi ya mpangaji. Nimeyafanya. Chagua moja, Bwana Mwijage. Mimi nasimama hapa hadi uchague."

Panga likabaki juu. Mkono uliolishika ukaanza kutetemeka, si kwa hasira tena, bali kwa uchovu.

Upande wa pili wa uzio, jirani aitwaye Hellen alikuwa anapalilia maharage yake. Akashindwa kujizuia, akacheka.

"Unacheka nini, Hellen?"

"Nacheka mkono wako, shemeji. Ukizidiwa, nipitishie panga huku nikushikie kidogo."

Panga likashuka. Lilianguka kwenye nyasi, mbali na shingo ya mtu, mbali na mti.

"Nimekwambia tangu juzi," Mwijage alisema huku akijisugua bega. "Leo jua lisizame ukiwa ndani ya nyumba yangu. Toa vyombo vyako!"

Kokuhirwa akageuka, akaitazama nyumba. Msomaji, usidhani mwanamke huyu aling'ang'ania bati na matofali. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimtoa kibanjani Rubafu, naye akaondoka na binti yake Joanitha na cherehani moja kichwani bila kusema hata neno moja. Nyumba hii ya Kibeta ndiyo iliyompokea. Kibarazani ndipo aliposhonea, na wateja walikwisha kuijua njia. Kutolewa hapa kungekuwa kutolewa mara ya pili.

Safari hii maneno alikuwa nayo.

"Sitoki," alisema.

"Utatoka!"

"Nani anatoka?" sauti nyingine iliuliza kutoka njiani.

Alikuwa Mzee Kahangwa, mwenyekiti wa mtaa, ndani ya mabuti ya mvua, mwavuli kwapani. Kokuhirwa alikwisha kumpelekea malalamiko yake tangu siku ile Mwijage alipomwamuru ahame. Mwenyekiti alitazama uzio, akatazama panga, kisha akamtazama mwenye panga.

"Mwijage, umetoka Muleba na panga hilo kwenye basi?"

"Mwenyekiti, sikiliza! Mwanamke huyu amevamia!"

"Tulia, waitu, ndugu yangu. Nitauliza, utajibu. Uzio ulianguka?"

"Ulianguka."

"Alikujulisha?"

"Alinipigia simu. Huyu kazi yake ni kupiga simu! Koki inavuja, anapiga. Komeo limelegea, anapiga. Mimi nikamwambia wazi: matengenezo madogo ni ya mpangaji. Mtu anayelala ndani ndiye anayetengeneza."

"Kwa hiyo ulimwambia atengeneze."

"Nilimwambia."

"Naye ametengeneza."

Hellen akageukia maharage yake, mabega yakimtikisika.

"Nilisema madogo!" Mwijage aliruka. "Uzio si jambo dogo!"

"Haya," Kokuhirwa akasema. "Leo tumefika penyewe. Mwenyekiti, tafadhali ingieni ndani. Nataka Bwana Mwijage atutajie mbele yako lipi ni dogo na lipi ni kubwa, kwa sababu ninapolipa mimi kila jambo huwa dogo, na ninapoomba yeye alipe huwa dogo zaidi."

Wakaingia. Kana kwamba mbingu nazo zilikuwa zinasubiri zamu yao, mvua ya ziwani ikashuka juu ya bati kwa kishindo.

"Bati hili juu ya kitanda limeliwa na kutu," Kokuhirwa alionyesha. Tone likadondoka. Likafuata jingine. "Kule jikoni nimeziba kwa kiraka. Hapa pamenishinda, bati zima limeoza. Je, ni dogo?"

"Dogo," Mwijage akajibu bila kuinua macho. "Tundu la msumari."

"Kama ni dogo, simama chini yake."

"Nini?"

"Simama, baba. Tundu la msumari halimlowanishi mwanamume."

Mzee Kahangwa alisogea kando, kistaarabu, kumpisha. Mwijage, kwa kiburi, akaenda akasimama chini ya lile tundu, mikono kiunoni. Tone la kwanza lilimpata utosini. La pili likaingia kwenye kola ya shati. Kisha maji yakaacha kudondoka, yakaanza kutiririka. Yakamshuka shavuni, yakachuruzika kidevuni, naye bado amesimama, amekaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Dogo?" mwenyekiti aliuliza.

"Dogo," Mwijage alijibu, na maji yakamwingia mdomoni.

Akakohoa, akaruka pembeni, akajifuta kwa kitambaa cha meza. Kokuhirwa akakichukua kitambaa hicho mkononi mwake taratibu.

"Hicho ni cha mpangaji," alisema.

Kisha akaendelea kwa sauti ya chini, iliyonyooka. "Mwenyekiti, mimi sikatai kutengeneza. Kioo kile cha dirisha Joanitha alikivunja kwa mpira, nikaweka kingine siku ile ile, wala sikumpigia mtu simu. Kilichovunjwa na mkono wangu ni changu. Lakini mimi sikuipeleka kutu kwenye bati. Mchwa waliokula fremu ya mlango sikuja nao kutoka Rubafu. Kitu kikizeeka ndani ya nyumba, kimezeeka pamoja na nyumba, na nyumba ina mwenyewe."

"Maneno ya kitabuni!" Mwijage alibeza. "Hatukuandikiana maneno hayo!"

"Hatukuandikiana. Tulitafuna kahawa."

Uso wa Mwijage ukabadilika.

"Nilipokuja kuomba nyumba hii," Kokuhirwa alimweleza mwenyekiti, "nilikwenda Muleba kwa mama yake, Bibi Klaudia. Alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna iwe shahidi wa maneno yetu, tukazungumza hadi tukaelewana. Yule aliyetuletea kikapu cha kahawa, akasimama anasikiliza, ni huyu hapa. Muulize mama yake alisema nini."

"Mama amezeeka! Hakumbuki! Na anaumwa, nimekukataza kumpigia!"

"Hukunikataza tu. Ulinipa namba isiyopatikana."

"Basi!" Mwijage alipiga meza. "Nyumba naisimamia mimi. Nimesema utoke, utatoka!"

Wasomaji wapendwa, wapo watu ambao ukiwaambia tokeni, hulia. Kokuhirwa alikwenda kwenye droo ya cherehani, akatoa bisibisi, nyundo na koleo.

"Sawa," alisema. "Natoka. Lakini natoka na vyangu vyote. Na tuanze na mlango."

Akapiga magoti penye mlango wa mbele, akafungua skrubu ya kwanza.

"Unafanya nini?"

"Bawaba hizi nilinunua mimi. Komeo hili ni langu. Ile koki ya uani ni yangu. Kiraka cha bati jikoni ni changu, nitapanda nikitoe mvua ikikatika. Madogo ni ya mpangaji, Bwana Mwijage. Si ndivyo ulivyosema? Basi mpangaji akihama, huhama na madogo yake."

"Mwenyekiti, mzuie!"

"Nimzuie kwa neno lipi?" Mzee Kahangwa aliuliza kwa upole. "Neno ni lako."

Skrubu ya mwisho ikatoka. Mlango ukaachana na fremu, ukayumba, ukamwangukia Mwijage mikononi. Akaudaka, akabaki ameukumbatia kama bwana harusi asiyejua kucheza. Mvua ikaingia hadi katikati ya chumba.

"Rudisha!" alilia. "Rudisha mlango wa watu!"

"Wa watu gani?"

Kabla hajajibu, bodaboda ilisimama njiani. Abiria wake alikuwa mama mtu mzima, amekaa upande, mfuko wa nailoni kichwani kuzuia mvua, fimbo mkono mmoja na mkungu wa ndizi mapajani. Akateremka taratibu. Mwijage alipomwona, mlango ulimponyoka, ukagonga sakafu.

"Mama!"

"Shikamoo, Bibi Klaudia," mwenyekiti alisema. "Afadhali umefika. Nilihofia simu yangu ya jana hukuielewa vizuri."

"Nimeielewa, nina masikio," Bibi Klaudia alijibu. "Uliniuliza kama nimepona. Ni nani aliyesema naumwa?"

Kokuhirwa alipiga goti, akamwamkia, akapokea mkungu. Bibi kizee aliingia, akachungulia jikoni hadi uani, na uso wake ukachangamka.

"Koki haivuji. Jikoni kukavu. Na uzio nimeuona kutoka njiani, umenyooka kama mstari wa kanisani. Kumbe ulinieleza kweli, mwana wange, mwanangu!" Akampapasa Mwijage bega, kisha akamgeukia Mzee Kahangwa. "Mwenyekiti, huyu mtoto kila wiki ananiambia: mama, leo nimebadilisha koki, mama, leo nimetundika mlango, mama, leo nimesimamisha uzio kwa mikono yangu. Nami nasema, Mungu amenikumbuka uzeeni."

Tazameni mtego ulivyombana Mwijage. Akikubali kwamba uzio aliusimamisha yeye, basi Kokuhirwa hakumega kiwanja cha mtu. Akisema aliusimamisha Kokuhirwa, basi amemdanganya mama yake kila wiki.

Mwijage akamtazama Kokuhirwa. Macho yale, yaliyokuwa yanawaka asubuhi, sasa yalikuwa yanaomba.

Mwingine angemhurumia. Kokuhirwa alikumbuka njia ya kutoka Rubafu, na cherehani kichwani, na kimya chake mwenyewe. Akamnyooshea Mwijage bisibisi.

"Bibi, umefika wakati mzuri," alisema. "Bwana Mwijage alikuwa anataka kutuonyesha alivyoutundika mlango. Endelea, baba. Tumeshaung'oa."

Mwijage akaipokea bisibisi. Akaishika kama kijiko. Akaweka bawaba juu chini, pini ikachomoka, ikaviringika chini ya cherehani. Akaiokota, akairudisha upande ule ule usiofaa. Mlango ukaegemea, ukasita, ukamwangukia mguuni.

"Yoo! Mawe! Mama yangu!"

Bibi Klaudia aliketi kwenye kiti cha mteja.

"Mikono hii," alisema polepole, "haijawahi kutundika mlango. Hata baba yake alipokuwa hai, ilikuwa inashika kikombe tu. Mama Joanitha, ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

"Yote?"

"Yote, isipokuwa bati la chumbani."

"Na siku ile tulipotafuna kahawa, mimi nilikwambiaje?"

"Uliniambia: ukivunja, utatengeneza. Nyumba ikichoka, niite."

"Mbona hukuniita?"

"Niliita. Njia ilikuwa imezibwa."

Bibi kizee alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akagonga fimbo sakafuni, na sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa.

"Mwenyekiti, uwe shahidi. Nyumba hii aliijenga mume wangu, nami bado napumua. Mwanamke huyu hatoki. Mlango, koki na uzio vilichoka vyenyewe, basi ni vyangu, nami nitamrudishia alichotoa. Bati litaletwa wiki hii. Na wewe, Mwijage, utapanda juu ushike misumari wakati fundi anapiga. Labda utajifunza kitu kimoja kabla sijafa."

Kokuhirwa alimshukuru. Kisha akainama, akaokota pini ya bawaba, akaanza kuurudisha mlango wake mahali pake.

Mvua ilikatika. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na wengi wetu tungelala vizuri.

"Nionyesheni uzio wangu," Bibi Klaudia akasema.

"Mama, kumelowa!" Mwijage alikurupuka. "Utateleza! Twende zetu stendi!"

Mzee Kahangwa alimtazama. Kokuhirwa naye alimtazama. Kwa nini mtu aliyesamehewa nusu ya makosa yake atetemeke kuliko alipokuwa anahukumiwa?

Walitoka. Bibi Klaudia alipapasa majani mabichi ya mlamula, akatabasamu. Kisha tabasamu likapungua. Akatazama nyumba. Akatazama uzio. Akatazama nyumba tena.

"Mbona uko karibu hivi?"

"Bibi, mimi sikuusogeza," Kokuhirwa aliwahi. "Nilichomeka katika mashimo yale yale niliyoyakuta."

"Nakuamini. Ila mashimo hayo nani aliyachimba?"

Hakusubiri jibu. Alipita penye upenyo, akaingia kwenye maharage ya Hellen, akawa anachoma ardhi kwa fimbo yake hatua baada ya hatua, kama mtu anayetafuta kisima. Fimbo ikagonga kitu kigumu. Akainama, akafunua majani.

Lilikuwa shina la mlamula, nene kama paja, limekatwa kwa panga miaka michache iliyopita. Pembeni mwake vichipukizi vipya vilikuwa vinatoka.

"Huu ulipandwa na mume wangu," Bibi Klaudia alinong'ona. "Wazee walisimama hapa. Nilipika mimi siku hiyo."

Hellen alikuwa amesimama, jembe mkononi, rangi imemtoka.

"Kwangu lilikuwa kero tu, mama," alisema. "Linachipua kila mara ndani ya maharage. Nikawa nakata vipande, na vile vya karibuni nikampa Mama Joanitha kwa ajili ya nguzo. Sikujua. Kipande hiki cha ardhi nilikinunua kihalali."

"Ulinunua? Kwa nani?"

Hellen akamwangalia Mwijage.

"Kwake. Alisema wewe ndiye uliyemtuma, mama. Hukumtuma?"

Ndipo Kokuhirwa akaelewa kwa nini mtu mzima aliyaogopa majani. Mwijage hakuogopa kwamba mpangaji angemega kiwanja. Kiwanja kilikwisha kumegwa, na aliyekimega alimjua vizuri. Aliogopa kwamba mlamula ukionekana umesimama pale, wazee wangekuja kuutazama, na wakishautazama wangeuliza: uko wapi ule wa zamani?

Bibi Klaudia alirudi hadi penye nyasi, hatua kwa hatua. Mwanawe alirudi nyuma kila mama yake alipopiga hatua mbele, hadi mgongo ukagusa uzio uliochipua.

Bibi kizee akaachia fimbo. Akainama, akaokota panga la mwanawe, nasi tunaliacha hapo hadi wiki ijayo.

Msomaji wangu, gazeti hili usilifungie maandazi. Mpe mpangaji mwenzako alisome kabla jua halijazama. Akimaliza, naye alipenyeze chini ya mlango wa mwenye nyumba wake, hasa kama bawaba za mlango wa chumba anachopanga alizinunua yeye mwenyewe.